Matembezi ya familia Watamu na Mida: tuwaone ndege wa baharini bila kuwafukuza viotani

Mwanzisha uzi, Gede

Wanajukwaa, salaam alaikum na hamjambo. Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi huuliza ni wapi pwani wanapoweza kuwapeleka watoto bila gharama kubwa na bila muziki wa kupasua masikio, mahali ambapo mtoto wa miaka sita na bibi yake wa miaka sabini watatembea pamoja na wote wawili wafurahi. Jibu langu ni ufuko wa Watamu na hori ya Mida, katika Kaunti ya Kilifi. Naomba mnivumilie nilieleze kwa kirefu, kwa sababu hapa ni mojawapo ya sehemu chache za pwani ya Kenya ambapo ndege wa baharini huzaliana karibu kabisa na watu, na namna familia zinavyotembea huchangia kuamua kama ndege hao watarudi mwaka unaofuata.

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, na zote mbili ni miongoni mwa hifadhi za bahari za kwanza barani Afrika. Mwaka 1979 eneo hilo liliingizwa na UNESCO katika orodha ya hifadhi za biosfia. Upande wa kusini wa Watamu bahari inaingia nchi kavu na kufanya hori ya Mida, yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 32, iliyozungukwa na mikoko na yenye tope pana ambalo maji yakipwa huonekana lote. Kwenye mlango wa hori hiyo, upande wa baharini, kuna kisiwa kidogo cha mwamba wa matumbawe kiitwacho Whale Island. Hakina nyumba, hakina kisima wala kivuli cha kupumzikia, na ni hapo ndege wa baharini waitwao buabua huja kutaga.

Kwanza ni majira, maana safari nyingi huharibika kwa kutoyajua. Buabua wa Whale Island hutaga wakati wa kusi, takriban kuanzia Juni hadi Oktoba, kwa hiyo likizo ya Agosti ndiyo likizo yao. Wapo wa aina mbili. Mmoja ana kofia nyeusi, mkia mrefu uliogawanyika na kifua cheupe chenye wekundu mwepesi ambao huonekana vizuri zaidi jua la asubuhi linapompiga. Mwingine ana mgongo wa rangi ya kahawia iliyoiva na ukanda mweupe juu ya jicho. Likizo ya Desemba ni ya wageni wengine kabisa. Kuanzia Agosti hadi Aprili tope la Mida hujaa ndege wa pwani kutoka kaskazini ya mbali, wakiwemo wadogo wenye midomo iliyopinda ambao huzaliana Siberia karibu na Bahari ya Aktiki, pamoja na ndege mla kaa, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, ambaye ndiye fahari ya Mida. Likizo ya Aprili siisifii sana, kwa sababu wageni wengi wameshaanza kuondoka na mvua za masika huifanya njia ya tope kuwa ngumu kwa watoto.

Jambo la pili ni maji, na hapa naomba wenzetu wa bara wasome polepole. Siku za bamvua, yaani mwezi unapokuwa mpevu na unapoandama, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri, na tofauti kati ya kupwa na kujaa inaweza kukaribia mita nne. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, mpangilio hugeuka: maji hujaa kabla ya adhuhuri na hupwa jioni, tena hayaendi mbali. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Familia inayotaka siku moja nzuri ichague siku ya bamvua au siku moja baada yake, ishuke ufukweni Watamu asubuhi maji yakiwa yamekwenda, ipumzike na kula mchana, kisha ifike Mida mnamo saa nane au saa tisa maji yakiwa yanapanda.

Sababu ya kwenda Mida wakati wa maji kupanda ni hii. Maji yakiwa yamepwa, ndege hutawanyika kwenye tope lote wakitafuta kaa na wadudu, na mtoto ataona vidoa vyeupe tu kwa mbali. Maji yanapopanda, tope la kulia linapungua, na ndege husukumwa kidogo kidogo kuelekea ukingoni na kwenye mafungu ya mwisho yaliyobaki, hadi wanakuwa kundi moja kubwa lililosimama. Asiyesogea huletewa ndege na bahari yenyewe. Anayevua viatu na kuwafuata topeni atawaona wakiruka na kutua upande wa pili, kisha watachoka bure wakati walitakiwa kupumzika hadi maji yapwe tena.

Sasa njia zenyewe. Ya kwanza ni ufuko wa Garoda, kusini mwa Turtle Bay, kuelekea mlango wa hori. Mchanga ni mpana na umeshikana maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo watoto hutembea bila kuzama, na familia inaweza kugeuka wakati wowote inapochoka kwa sababu hakuna mlima wala njia ya kupotea. Kadiri mnavyokaribia mlango wa hori ndivyo mnavyoanza kuwaona buabua wakivua: huelea hewani kwa kupiga mbawa za haraka, kichwa kikiangalia chini, kisha hujitupa majini kama jiwe. Mweleze mtoto ahesabu ni mara ngapi ndege ametoka na samaki na mara ngapi ametoka mtupu, nawe utaona jinsi anavyotulia. Wakati wa kaskazi, kwenye mafungu ya mchanga, hupumzika pia buabua wakubwa wenye vishungi, baadhi wenye mdomo wa manjano na wengine wa rangi ya chungwa, na shakwe wa kahawia wakiwa pembeni. Mnapowakuta wamelala mchangani, zungukeni kwa upande wa nchi kavu na mwacheni mtoto awatazame kwa darubini. Wakianza kuinua vichwa wote kwa pamoja, mmeshafika karibu mno.

Njia ya pili ni ya Mida yenyewe. Kuna daraja jembamba la mbao lililoning'inizwa kati ya mikoko, ambalo huwafikisha watu kwenye kibanda cha kutazamia ndege pembeni mwa tope. Daraja hilo ni sehemu ya mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya mwaka 2001, ambao hutumia mapato ya utalii kuwalipia karo ya sekondari watoto wa vijiji vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Ukilipa kiingilio pale, sehemu ya fedha hiyo inamsomesha mtoto wa jirani, na mimi huwaambia watoto ukweli huo wakiwa bado njiani ili wajue wanachokikanyaga. Daraja hutikisika, na watoto hulipenda kwa sababu hiyo hiyo, lakini wasikimbie juu yake na mtu mzima atangulie. Kabla ya kwenda, ulizieni hali yake kwa wenyeji, kwa kuwa mbao za baharini huhitaji matengenezo ya mara kwa mara.

Njiani mwongozaji atawaonyesha mkoko wenye mizizi iliyosimama kama magongo, mchu unaotoa vijiti vya kupumulia kutoka topeni, mkandaa na muia. Sikilizeni pia mdiria wa mikoko. Sauti yake husikika kabla ya kuonekana mwenyewe. Kulasitara hamtamkosa.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Ahsante sana kaka kwa maelezo haya. Mimi nina mtoto wa miaka minne na mwingine wa miaka tisa, na tutakuja Desemba pamoja na mama yangu ambaye goti lake linamsumbua. Nina maswali mawili. La kwanza, nimeona picha za watu wamesimama kwenye mchanga katikati ya bahari Watamu. Je, tunaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye hicho kisiwa cha ndege maji yakipwa? La pili, na naomba usinielewe vibaya, watoto wa mjini wamezoea kuona kila kitu karibu kwenye simu. Nikiwaambia wasimame mbali na watazame, nina wasiwasi kwamba baada ya dakika tano watataka kurudi hotelini.

Mwanzisha uzi, Gede

Dada yangu, karibu sana, na mpe mama shikamoo yangu.

Picha ulizoziona bila shaka ni za mafungu ya mchanga yanayojitokeza mbele ya ufuko, upande wa Jacaranda na maeneo ya jirani. Hayo yanatembeleka, na vidimbwi vilivyobaki kati yake ni starehe kubwa kwa mtoto wa miaka minne. Kisiwa cha ndege ni jambo jingine. Kwa kipindi chote cha kutaga, kisiwani hatushuki, si kwa miguu wala kwa mashua, na nitaeleza kwa nini, maana mtoto wa miaka tisa ana haki ya kupewa sababu badala ya katazo tupu.

Buabua hajengi kiota cha majani. Hutaga juu ya mwamba au mchanga mtupu, na yai lake lina madoa ya kufanana na mahali lilipo, kiasi kwamba mtu anaweza kulikanyaga akiwa anamtazama mama yake angani. Kwa jua letu la pwani, kazi kubwa ya mzazi mchana ni kulikinga yai au kinda lisiungue, pengine kuliko hata kulipasha joto. Mtu akishuka, kundi lote hupaa kwa pamoja likipiga kelele, na mgeni hudhani amekaribishwa kwa shangwe. Katika dakika hizo mayai yapo juani, na kunguru wamekaa wakingojea. Buabua wa kifua chenye wekundu ana tabia nyingine ya hatari kwake mwenyewe: akisumbuliwa mara nyingi, kundi zima huweza kulihama eneo na kuyaacha mayai yote. Familia moja haikusudii hayo. Lakini baada yake inakuja nyingine, na ya tatu nayo inasema ni dakika kumi tu.

Hata Desemba, wakati hakuna viota, ndege hutumia miamba ile kupumzikia maji yakijaa, kwa hiyo anayetaka kukaribia kwa mashua aulize kwanza kwa maafisa wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Ada za hifadhi hulipwa kwa mfumo wa serikali wa mtandaoni, eCitizen, na si kwa fedha taslimu, basi ni vizuri kukamilisha hilo kabla ya kufika.

Kuhusu uvumilivu wa watoto, nakuelewa, ila uzoefu wangu na watoto wa ndugu zangu ni kwamba mtoto huchoshwa na kutazama asichokijua. Mpe jambo la kufuatilia. Desemba pale Mida kuna jambo moja ambalo sijamwona mtoto akilipuuza: ndege mla kaa huja na mtoto wake. Ndege wengi wa pwani huwaacha watoto wao wajitafutie mapema sana, lakini huyu humlisha kinda wake hata baada ya safari ndefu ya kuhama. Utamwona kijana mwenye mgongo wa kijivu, mkubwa karibu sawa na mzazi, akimfuata nyuma nyuma akilia apewe kaa, na mzazi akikimbia, akisimama, akimchomoa kaa topeni na kumgawia. Waambie watoto wakutafutie familia moja ya namna hiyo kati ya mamia ya ndege waliosimama, na hapo suala la dakika tano litakwisha.

Mama mwenye goti asilazimishwe kupita kwenye daraja linalotikisika. Amfuate mwongozaji kwenye ukingo mkavu wa hori, au awatangulie Dabaso, ambapo kikundi cha uhifadhi cha wenyeji kina mkahawa wa mbao uliojengwa kati ya mikoko, naye akae pale akila sambusa za kaa na kutazama maji yakipanda. Mtoto wa miaka minne mbebeni kwa kanga mgongoni akichoka, kwa sababu kigari cha kusukuma hakifai kwenye mchanga wala topeni.

Viatu ni muhimu kuliko mnavyodhani. Malapa huchomoka topeni, na matumbawe hukata. Raba za zamani zinazofunga mguu wote ndizo zinazofaa. Watoto wasiingize mikono kwenye mashimo ya miamba. Wasiokote kombe wala konokono, kwanza kwa sababu ndani ya hifadhi hairuhusiwi, na pili kwa sababu kuna konokono mwenye gamba zuri la umbo la pia ambaye mwiba wake una sumu kali ya kuweza kuua mtu.

Mchangiaji kutoka Maskati

Amani iwe kwenu. Mimi nimezaliwa Unguja na sasa naishi Oman, na nimefurahi kuona ndege mla kaa anatajwa, kwa kuwa huku ndiko kwao. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za mchanga kuzunguka Bara Arabu, katika Ghuba, Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden hadi Somalia, na hapa Oman huonekana kwa wingi upande wa Barr al Hikman. Tofauti na ndege wote wa pwani wa aina yake, huchimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja jeupe ndani, na joto la mchanga hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kuliatamia. Kwa hiyo ndege ambao watoto watawaona Mida mwezi wa Desemba huenda wameanguliwa chini ya mchanga wa huku katika miezi ya joto, kisha wakafuata njia ile ile ya majahazi ya kaskazi.

Nichangie na jambo la pili kuhusu kushuka visiwani. Karibu na Maskati kuna visiwa vya Daymaniyat, vilivyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1996, ambako buabua na kasa hutaga. Kuanzia Mei hadi mwisho wa Oktoba hairuhusiwi kushuka visiwani. Familia hufika kwa boti, huogelea pembeni na kutazama kutoka majini, na sijasikia mtoto akilia kwamba amenyimwa kisiwa. Watu huzoea katazo lenye tarehe inayojulikana, tena hulipangia safari zao. Ningependa kuona tarehe za Whale Island nazo zikiandikwa kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, kila mahali watu wanapopandia mashua.

Mvuvi mstaafu, Dabaso

Nimewasoma nyote, wanangu. Mengi ni kweli, nami niongeze ya upande wetu.

Buabua ni rafiki ya mvuvi. Tulipokuwa tukienda nje ya mwamba, hatukuwa na mashine ya kutafuta samaki, tuliangalia ndege. Ukiona buabua wamekusanyika na wanajitupa mahali pamoja, chini yake kuna jodari anayewasukuma dagaa juu. Pia ni kweli kwamba zamani mayai yao yaliliwa, na mtu aliyerudi nayo nyumbani hakuonekana kuwa amefanya kosa. Leo sheria imebadilika, na idadi ya watu wanaoweza kufika kisiwani kwa boti ya injini si ile ya wakati wa dau na ngalawa.

Lakini naomba wanaokuja kutembea wakumbuke kwamba hifadhi ina watu walioibebea gharama. Sehemu zilizofungwa mwaka 1968 zilikuwa za uvuvi wa wazee wetu. Mgeni anayekuja na chakula chake kutoka Mombasa, akatembea, akapiga picha na kuondoka bila kununua hata dafu, asishangae kijana wa hapa akiona ndege hawana faida. Chukueni mwongozaji wa kijiji. Kuleni hapa.

Kuhusu usalama, msivuke mlango wa hori kwa miguu hata kama maji yanaonekana ya magotini. Hori nzima inajaa na kutoka kupitia mlango ule mmoja, na maji yakigeuka mkondo wake unamwangusha mtu mzima, sembuse mtoto.

Mwanzisha uzi, Gede

Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru kwa yote uliyosema, na hasa kwa hilo la gharama, ambalo sisi tunaopenda ndege mara nyingi hatulisemi. Nakubaliana nawe kwamba fedha ya matembezi ibaki kijijini, na ndiyo maana sikutaja njia yoyote hapo juu isiyoweza kufanywa na mwongozaji wa hapa.

Umenikumbusha pia kunguru. Kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea pwani yote, na leo ni miongoni mwa maadui wakubwa wa mayai na makinda ya ndege wengine. Wanaishi kwa taka zetu. Mabaki ya chapati na mifupa ya kuku inayoachwa ufukweni Garoda ndiyo inayowalisha mwaka mzima, halafu kusi ikifika wanakuwa wengi tayari kwa mayai. Basi mzazi anayebeba mfuko wa taka na kuondoka nao amewatetea buabua hata kama hakuwaona siku hiyo. Huo ni wajibu mwepesi kuliko yote niliyoyataja, na ninasikitika sana kila ninapopita Jumapili jioni na kuona jinsi tunavyoushindwa.

Niongeze mbwa na droni. Mbwa afungwe kamba au abaki nyumbani. Droni inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na ndani ya hifadhi inahitaji ruhusa ya KWS vilevile. Ndege waliosimama huiona kama mwewe na kupaa wote.

Mchangiaji kutoka Unguja

Nami nitoe mfano wa kwetu kwa ufupi. Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji wa Zanzibar, kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na mwaka huo huo buabua wa kifua chenye wekundu walizaliana huko. Idadi ya wageni wa siku moja huwekewa kikomo, na matembezi ya msituni na kwenye miamba hufanywa na waongozaji, wengi wao wakiwa wavuvi wa zamani au watoto wa wavuvi. Shule za Unguja zimekuwa zikipelekwa huko kujifunza. Kwa hiyo ninapomsikia mzee wa Dabaso anasema mchukue mwongozaji wa kijiji, naona ni neno lililokwisha kujaribiwa upande huu wa bahari na likafaa.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Nimewaelewa wote, na nimeshaangalia kalenda ya mwezi ili nichague tarehe. Swali dogo la mwisho: tukitumia usafiri wa umma tutashukia wapi, na ikiwa siku yetu itaangukia maji mafu tufanye nini?

Mwanzisha uzi, Gede

Mkitoka Mombasa kwa matatu ya kwenda Malindi, mwambieni kondakta awashushe kituo cha Mida kama mnaanzia hori, ambacho mtakifikia kabla ya Gede. Kutoka barabarani kuna bodaboda, na njia ya kuteremka hadi ukingoni inatembeleka kwa miguu asubuhi kabla ya jua kali. Kama mnaanzia Watamu, shukeni Gede na mchukue tuktuk.

Siku ya maji mafu geuzeni mpango. Asubuhi, wakati maji yamepanda, nendeni kwenye magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Yapo chini ya miti mikubwa, kwa hiyo kivuli ni kingi na mama atatembea taratibu bila shida. Kisha saa za alasiri, maji yakiteremka, shukeni Garoda. Mafungu hayatatoka mbali, lakini buabua wenye vishungi watakuwepo.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kaloleni

Ndugu mwanzisha uzi, nimefuatilia kwa makini. Ninafikiria kuleta wanafunzi wa darasa la tano, kama arobaini hivi, mwezi wa Septemba. Je, idadi hiyo si kubwa mno kwa sehemu kama hiyo, na utashauri tuanze wapi?

Mwanzisha uzi, Gede

Mwalimu, hongera kwa wazo hilo, na Septemba umechagua vizuri kwa sababu buabua bado wapo kisiwani huku wageni wa kaskazini wakiwa wameshaanza kufika Mida, kwa hiyo wanafunzi wataona makundi yote mawili kwa siku moja.

Arobaini kwa pamoja ni wengi kwa daraja na kwa kibanda. Wagawe katika makundi manne, kila kundi na mwongozaji wake na mwalimu au mzazi mmoja. Mawili yaanze Mida na mawili yaanze ufukweni Garoda, kisha mbadilishane; na kama siku yenu ni ya bamvua, kumbuka kwamba wanaoanza Mida asubuhi watakuta maji yamepwa, basi hao wafundishwe mikoko na kaa, na wawatazame ndege kwa mbali. Kule Mida, kundi la pili lisiingie darajani kabla la kwanza halijatoka. Wapigie waongozaji mapema, si siku ile ile, ili waandae darubini za kutosha. Mbili kwa kila kundi zinatosha ikiwa wanafunzi watapeana zamu. Nguo ziwe za rangi iliyopoa, kwa sababu shati jeupe linalometameta huwashtua ndege kwa mbali, na sare yenu ikiwa nyeupe waruhusuni wavae fulana za nyumbani. Kila mmoja aje na chupa ya maji, kofia na mfuko wa kubebea taka yake. Mkifika Gede mapema nijulisheni hapa, nitawaelekeza kwa vijana wa hori wanaojua ndege wanapopendelea kusimama wiki hiyo, maana mahali hapo hubadilika kufuata mafungu ya mchanga.